Pacha wa Jiwe la Mlangoni

Nikiingia nyumbani kwa mtu, macho yangu huenda sakafuni kabla hata sijamsalimu mwenye nyumba. Wapo walioona hiyo ni dharau, na mama mmoja wa kanisani kwetu aliwahi kuniuliza kama nimedondosha kitu. Sikudondosha kitu. Niliolewa na mtu wa sakafu, na watu wa sakafu huangalia chini kwanza. Ni ugonjwa wa kazi, nami niliambukizwa naye kama watu wa nyumba moja wanavyoambukizana mafua.

Mume wangu alitandika mawe. Nasema mawe ya mlimani yenyewe, yaliyopasuliwa yakawa mabamba membamba, ambayo wenye nyumba kubwa za Bukavu waliyapenda kwenye sebule na baraza zao. Kazi hiyo alifundishwa na mzungu mmoja mzee. Serikali ilipochukua biashara za wageni na kuwagawia wananchi, yule mzungu alimwachia mume wangu sanduku la nyundo na patasi, akaondoka na mfuko mmoja. Kampuni akapewa bwana mmoja aliyejua jambo moja tu kuhusu mawe, kwamba ukirushiwa yanauma. Baada ya mwaka mmoja kampuni ilikuwa jina kwenye ukuta. Lakini wateja walimjua mume wangu, wakamfuata nyumbani kwetu Nyalukemba, na ua wetu ukawa ndio kampuni.

Nilikuwa sijamaliza hata mwaka katika ndoa. Niliamka asubuhi nikakuta lori limemwaga mlima nusu mbele ya jiko langu, naye amesimama juu yake anacheka. Aliniambia nilete maji. Nilidhani anataka kunywa.

Jiwe la namna ile likiwa kavu halina sura. Lote ni rangi ya majivu, na ukiyapanga kumi huwezi kuyatofautisha. Ukilimwagia maji ndipo linajitokeza: kijani cha mbali, bluu kama ya njiwa, na kutu nyekundu iliyopita ndani kwa mistari. Ile asubuhi nilimwaga ndoo tatu, nikasahau chakula jikoni. Nilimuuliza ile michoro nani ameiweka.

"Hii ilikuwa matope," akasema.

Nilimwambia asinichezee, mimi nimesoma mpaka mwaka wa sita.

"Sikuchezee, mama. Zamani, mbele ya babu zetu, bankambo ya bankambo, huku kote kulikuwa maji. Matope ikashuka chini pole pole, leo kidogo, kesho kidogo. Ikalala moja juu ya ingine."

"Nani aliona?"

"Hakuna muntu aliona. Jiwe yenyewe njo inasema."

Akachukua jiwe nene, akalisimamisha kwa ubavu, akanionyesha mistari myembamba kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Kila mstari, alisema, ni matope yaliyotulia, halafu mengine yakaja juu. Uzito wa yale ya juu ukayabana ya chini mpaka maji yakatoka. Yalivyozidi kuzama ndani ya ardhi yakakutana na joto, yakaiva, yakawa magumu. Halafu nchi ikajikunja, milima ikainuka, na yale matope ya chini ya maji yakajikuta yako juu, yakinyeshewa. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa yakibeba chuma kidogo kidogo, na chuma hicho kikashika kutu humo humo ndani. Ndiyo ile michoro. Lakini alisema mistari ya zamani haijafutika. Jiwe bado linakumbuka siku moja iliishia wapi na nyingine ikaanzia wapi, na patasi ikiingizwa hapo, likigongwa taratibu, linafunguka lenyewe.

Aliligonga mara tano, akisikiliza. Mara ya sita likafunguka. Ule mlio ninao masikioni mpaka leo, mdogo na mkavu. Nyuso mbili ambazo hazijawahi kuona jua zikalala pale uani, nami nikawa wa kwanza duniani kuzimwagia maji.

Nilimpenda sana siku ile. Naona ni vizuri nikiri mapema, maana mbele nitamsema.

Nyuso hizo mbili zilizokuwa zimegusana hufanana, ila moja imegeuka. Mstari unaopinda kulia kwa hili, kwa lile unapinda kushoto, mfano wa viganja viwili vya mtu mmoja. Mume wangu aliyaita mapacha, na alikuwa na sheria aliyoirithi kwa mzungu wake: mapacha yalale pamoja sakafuni, ubavu kwa ubavu, mchoro utoke kwa moja uingie kwa lingine. Sakafu iliyotandikwa hivyo inatulia machoni. Sakafu ambayo mapacha wake wametawanywa, alisema, mtu anakaa humo hajui kinachomsumbua ni nini.

Tatizo ni kwamba machimbo yalikuwa mbali, upande wa Kalehe. Mawe yalipasuliwa huko huko ili lori libebe mengi, na yakifika kwetu yalikuwa yamechanganyika kama nguo za mnadani. Kuyatafuta mapacha ikawa kazi yangu. Niliyaosha, nikayapanga uani yakiwa yamelowa, nikatembea katikati yake nimekunja kitenge mpaka magotini. Wasaidizi wake walishika bamba moja wakazunguka nalo asubuhi nzima. Mimi niliangalia mara moja. Uso wa jiwe ukishaingia kichwani mwangu, niliweza kuugeuza humo humo na kumjua mwenzake hata kama sijamwona. Watu wengine wamepewa sauti ya kuimba. Mimi nilipewa hiyo.

Mwaka wa tatu tukajenga nyumba yetu wenyewe, vyumba viwili na sebule, kwenye ule mteremko unaotazama ziwa. Siku za mawe ya sakafu yetu, alinitumia salamu kutoka machimboni kwamba amepata jiwe la mlangoni, mapacha mawili ambayo hajawahi kuona mfano wake. Lori likafika na jiwe moja. Nilipolimwagia maji niliweka ndoo chini. Kulikuwa na mto mzima wa kutu unaotoka pembeni, unagawanyika mara mbili katikati, na tawi moja dogo linafika ukingoni na kukatika. Lilikatika kwa sababu sehemu yake iliyobaki ilikuwa kwa mwenzake.

"Na ingine?" nikamuuliza.

"Ilivunjika mu njia. Lori ilipiga shimo, nikasikia tu inalia."

Nilisikitika kana kwamba amevunjika mtu. Mahali pa pacha, pale kushoto kwa jiwe la mlangoni, alimwaga saruji, akailainisha vizuri, akasema ni ya muda, atatafuta lingine linalofaa. Nilimwambia halipo linalofaa.

Kulikuwa na sheria nyingine. Jiwe likishatandikwa halikanyagwi siku saba. Saruji iliyo chini lazima ikauke bila kusumbuliwa, la sivyo jiwe linabaki na uwazi chini yake na siku moja litapasuka. Alifunga kamba mlangoni, tukawa tunapita mlango wa jikoni wiki nzima, tukiinama kwa sababu ulikuwa mfupi, tukigongana vichwa kama mbuzi. Siku ya nane anayefungua kamba ni fundi, na anayekanyaga kwanza ni mwenye nyumba, bila viatu. Kabla ya hapo fundi hupiga magoti na kugonga kila jiwe kwa kifundo cha kidole. Lililokaa vizuri hutoa sauti nzito. Lenye uwazi hulia kama mtungi mtupu. Siku yetu ya nane aligonga yote, hakukuwa na tupu hata moja. Akafungua kamba akasema, "Ingia, mama. Nyumba iko yako." Niliingia, jiwe lilikuwa baridi, naye nyuma yangu.

Miaka ilienda. Watoto hawakuja. Tulienda hospitali, tukaenda kwa waombaji, na mama mkwe wangu alikuwa na la kusema kila Jumapili. Mume wangu mwenyewe hakuwahi kunisema, na hilo nilimhesabia wema. Alisafiri sana kwenda machimboni. Mabaki ya mawe yaliyorundikana uani aliyachukua mara kwa mara, mawili matatu juu ya lori, akisema kuna mteja wa huko kaskazini anayejenga pole pole. Niliyaosha na hayo. Sikupenda jiwe litoke kwangu likiwa chafu.

Halafu pesa ya Zaïre ikaharibika na watu wakaacha kujenga. Mwenye nyumba kubwa aliyetaka baraza mpya sasa alitaka sukari. Ua wetu ukakauka. Mume wangu alishinda akinoa patasi ambazo hazikuwa na kazi. Serikali iliporuhusu kila mtu achimbe dhahabu, wanaume wa mtaa wakaanza kwenda Shabunda, na yeye akaniambia hawezi kukaa akiangalia mikono yake. Alisema dhahabu nayo iko ndani ya mawe, na mawe anayajua. Nilimfungia nguo, nikamkaangia karanga. Alisimama pale mlangoni, akaangalia chini, akaangalia jiwe letu, akasema atarudi kabla ya mwaka kwisha.

Nilimngoja miaka minne.

Kungoja kuna aibu yake ambayo watu hawaisemi. Mjane anapewa kiti. Aliyeachwa anapewa pole, hata kama nyuma yake wanacheka. Anayengoja hana jina. Kwenye chama cha akina mama hawakujua waniweke wapi, na mimi nilijibu maswali yao kwa ukali mpaka wakaacha kuuliza, halafu nikakasirika kwamba hawaulizi. Shabunda hakukuwa na barabara ya kueleweka. Mtu alikwenda kwa miguu msituni wiki nzima au kwa ndege ndogo. Barua mbili zilinifikia mwaka wa kwanza. Baadaye nikawa nasikia tu kwa watu, huyu alimwona, yule hakumwona. Kila Jumamosi niliosha sakafu yote. Nikifika mlangoni niliumwagia ule mto wa kutu maji, nikautazama ukitokea, na tawi lake dogo likifika kwenye saruji na kukatika. Niliongea nalo wakati mwingine. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule na mtu mmoja, na nilipokohoa niliisikia sauti yangu ikirudi.

Ili nile, nilianza kuuza sabuni na chumvi Miti na kununua maharage huko. Ni mwendo wa lori wa saa moja hivi kwenye barabara ya Kavumu, ile ile iendayo Kalehe. Nilikuwa nashukia sokoni, nauza, nanunua, narudi. Ndani ya kijiji sikuwahi kuingia, kwa nini niingie.

Siku moja adhuhuri lori letu lilikwama mbele kidogo ya soko, na mvua ikaja yote kwa pamoja, kama inavyofanya huko chini ya milima. Kila mtu akakimbilia alipoona bati. Mimi nilikimbilia nyumba ya udongo iliyokuwa juu kidogo ya njia, mlango wake wazi. Mwanamke kijana alikuwa ndani anapepeta mchele, na mtoto mdogo wa kike amekaa karibu yake.

"Ingia, maman," akaniambia. "Mvula iko nyingi. Ingia tu, usivue viatu."

Nilivua hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshaangalia chini. Nyumba zote za upande ule zilikuwa na sakafu ya udongo uliopigwa. Hii ilikuwa na mawe. Yalikuwa makavu, rangi ya majivu, mabaki mabaki ya kila ukubwa, lakini yalipangwa na mtu anayejua. Nilisimama mlangoni na kitenge changu kinachuruzika. Maji yakashuka miguuni mwangu, yakaenea juu ya jiwe nililokuwa nimelikanyaga, na jiwe likaanza kutoa sura yake.

Kwanza ukaja mstari mmoja wa kutu, kutoka upande wa pili. Ukagawanyika mara mbili katikati. Halafu kule ukingoni likajitokeza tawi dogo, linaloanza ghafla bila mwanzo.

Sikuhitaji kuligeuza kichwani. Nilikuwa nimeligeuza kila Jumamosi kwa miaka.

Yule mwanamke aliniona nimeinama. "Unaangalia jiwe yangu," akasema, na alifurahi. "Bwana yangu njo aliiweka. Anasemaka mu Zaïre muzima hakuna ingine kama hii."

"Bwana yako iko wapi?"

"Iko Shabunda, mu dhahabu. Avion, ile ndege, inashukaka hapa Kavumu, si mbali. Anakuyaka kila mwezi ya tatu, anabaki na siye wiki moja, anarudia. Aliondoka juzi."

Nilikaa kwenye kiti alichonisogezea. Nilihesabu vitu, kwa sababu nikiacha kuhesabu ningepiga kelele. Nilimuuliza hilo jiwe liliwekwa lini. Akasema ndilo lililoanza, kabla hata kuta hazijaisha, mwaka aliopata mtoto wa kwanza, na sasa huyo yuko shuleni, mwaka wa nne. Nikaangalia mawe mengine. Lile lenye doa jeusi nililijua. Lile la kijani lililokatika pembe nililijua pia. Karibu sakafu yote ya nyumba ile nilikuwa nimeiosha mimi kwa mikono yangu, ili isitoke kwangu ikiwa chafu.

Na bado hilo halikuniuma kama ile saa moja ya barabara. Mwanaume anayetoka Shabunda anashuka Kavumu, na barabara ya kuja Bukavu inapita Miti. Miaka minne nilimwona mawazoni yuko msituni, mgonjwa, amefukiwa shimoni, nikamwombea. Kumbe alikuwa anafika mpaka hapa, kila baada ya miezi mitatu, anavua viatu, anakula, na ile saa iliyobaki hakuiweza.

Yule mwanamke aliniletea chai na hindi la kuchoma. Nilitaka awe mwovu. Alikuwa na mikono iliyopasuka kwa kazi, na mtoto wake akaja kukalia mguu wangu bila kuniuliza. Mvua ikapungua. Nikasimama, nikavaa viatu nje ya mlango.

"Akikuya, nimuambie nani alipita?" akauliza, kwa adabu tu, kama tunavyouliza.

Ningeweza kusema hakuna mtu. Nilikuwa nimeshafika njiani, hasira ikanigeuza.

"Muambie alipita ule maman mwenye kuosha mawe," nikasema. "Muambie ile jiwe yenye ilivunjikaka mu njia, niliiona. Iko muzima."

Alitabasamu kwanza, kisha tabasamu likamwishia polepole. Aliangalia jiwe, akaniangalia mimi, akamwita mtoto amrudie. Nilishuka njia nikiteleza, nikakuta lori limekwamuliwa.

Sikumwambia mtu. Maharage ya safari ile niliyauza yote bila kujua nilichokuwa nauza.

Miezi ikapita, mvua zikaisha. Siku moja dereva wa lori la maharage alisimama chini ya mteremko wetu akapiga honi mpaka nikatoka. Alikuwa na kitu kizito kwenye gunia, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Akakipandisha mpaka uani huku anahema na kulaumu.

"Ni maman moja ya Miti alinipa," akasema. "Alisema hii njo yako. Alisema alimuambia bwana yake vile ulisema. Bwana akabeba mufuko, akaenda, na tangu siku ile hajarudia."

Nilifungua gunia baada ya dereva kuondoka. Nilileta maji. Ule mto ukatokea, umegeuka, na tawi lake dogo. Lakini kona moja ilikuwa imekatwa ili jiwe lienee kwenye mlango wa Miti, na uso wake ulikuwa umechakaa kuliko wa kwangu. Kulikuwa na mikwaruzo ya jembe na ya kiti kilichoburutwa, na ndani ya kutu palikuwa na weusi wa mafuta ya kupikia. La kwangu lilikuwa laini, karibu kung'aa. Lilikuwa limekanyagwa na mtu mmoja tu, tena aliyekuwa anavua viatu. Nilikaa nayo mawili uani nikalia kwa yote mawili.

Sanduku lake la vyombo lilikuwa bado chini ya kitanda. Nilitoa patasi na nyundo, nikaanza kuvunja ile saruji ya muda. Ilinichukua siku tatu, maana aliichanganya vizuri sana. Kwa kazi hakujua kudanganya. Nilichekecha mchanga wa ziwani, nikakoroga saruji jinsi nilivyomwona akikoroga, nikalaza jiwe, nikaligonga kwa mpini wa nyundo mpaka likakaa sawa na mwenzake. Tawi dogo likatoka kwa moja likaingia kwa lingine. Kona iliyokosekana niliijaza kwa saruji, ikawa kama kiraka kwenye goti la suruali. Nikafunga kamba mlangoni, nikapita jikoni siku saba. Siku ya nane nilipiga magoti nikagonga kwa kifundo. Sauti ilikuwa nzito. Nilikanyaga mwenyewe, bila mtu nyuma yangu.

Alikuja baada ya karibu miaka miwili. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, jua limeshaingia sebuleni, nami nachambua majani ya muhogo ya sombe. Nilisikia hatua kwenye ngazi za udongo na nikazijua, nikaweka majani chini. Alisimama nje ya mlango. Alikuwa amekonda, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, amebeba mfuko ule ule niliomfungia. Kabla ya kuniangalia aliangalia chini.

Alikaa akiangalia muda mrefu. Sikumharakisha. Aliyaona mawili, akaiona kona, akajua saruji ni ya nani. Kisha akapiga magoti pale nje, akanyoosha mkono, akagonga jiwe la Miti kwa kifundo cha kidole. Likajibu vizuri. Akagonga la kwangu. Nalo likajibu.

"Uliiweka muzuri," akasema.

Nilikuwa na maneno ya miaka sita. Nilikuwa nimeyapanga kama mabamba, kila moja na mwenzake, na nilijua lipi lianze. Yote yakanikimbia. Nilichokiona ni magoti yake, na mguu wake mmoja uliokuwa umeshavuliwa kiatu.

"Usikanyage, papa," nikasema. "Ingali mbichi."

Saruji ile ilikuwa nyeupe kwa ukavu. Mtoto mdogo angeiona. Yeye alikuwa fundi aliyeweza kuangalia saruji kutoka barabarani akakwambia ilimwagwa wiki gani. Nilimwangalia nikimngoja. Nilitaka aseme, mama, hii imekauka zamani. Nilitaka abishane nami, anicheke, aingize ule mguu. Ningempigia kelele mpaka majirani waje, na pengine baada ya kelele tungekunywa chai. Sijui. Neno moja lingetosha.

"Ah," akasema. "Basi."

Akavaa kiatu. Akaniuliza siku ngapi zimebaki, akiwa ameangalia chini bado, nikasema saba. Akaitika kwa kichwa, akachukua mfuko, akashuka ngazi akishika ukuta, maana zilikuwa na utelezi.

Nilifunga kamba mlangoni. Siku saba nilipita jikoni, nikiinama, mtu mzima, na sikumweleza jirani aliyeniuliza. Nilijiambia kwamba yeye anazijua siku hizo kuliko mtu yeyote Bukavu, na fundi ndiye anayefungua kamba. Siku ya nane niliamka mapema, nikapika wali na maharage ya kutosha watu wawili, nikavaa kitenge kizuri, nikaketi sebuleni nikiutazama mlango.

Jua lilipita juu ya yale mawe mawili, likatoka. Alasiri niliifungua kamba mwenyewe, nikaleta ndoo, nikaosha.